Mkaguzi wa Lifti na Bembea Alipwe na Nani?



Tumesimama mbele yenu kusema juu ya jambo ambalo watu hawalikumbuki mpaka siku ya msiba, nalo ni ukaguzi wa lifti na wa bembea za mashine, na fedha za kuuendesha. Wengine watauliza: lifti zatuhusu nini sisi tunaokaa nyumba za chini? Zatuhusu sana. Mfagizi anayepanda ghorofa ya kumi kabla hapajakucha ni ndugu yetu. Mgonjwa anayepandishwa wodini kwa machela ni mama yetu. Na watoto wanaojaa kwenye bembea siku ya Idi ni wetu sote.

Lifti haishikwi na bahati. Mwaka 1854, katika mji wa New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa, akaamuru kamba ikatwe mbele ya umati. Jukwaa likashuka kidogo, breki ikalikamata. Lakini breki hukamata ikiwa imetunzwa. Waya wa chuma huchakaa, uzi mmoja mmoja ukikatika. Komeo la mlango hulegea, mlango ukafunguka na chumba cha lifti hakipo, mtu akakanyaga hewa. Abiria hawezi kuyaona hayo, na kwa sababu hiyo yuko mkaguzi.

Basi mkaguzi huyo alipwe na nani? Ziko njia tatu. Ya kwanza, mwenye mali ajikague mwenyewe. Ya pili, mwenye mali amtafute mkaguzi na kumlipa kwa mkono wake. Ya tatu, serikali imwajiri mkaguzi.

Njia ya kwanza tumeiona matunda yake katika jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 2014 ulifunguliwa huko mtelezo wa maji ulioitwa Verrückt, neno la Kijerumani lenye maana ya wendawazimu. Urefu wake ulikuwa kama meta 51. Sheria ya jimbo wakati ule ilimruhusu mwenye bustani ya michezo ya kudumu kujikagua. Tarehe 7 Agosti 2016 boti ya mpira iliruka kutoka kwenye mtelezo, na mtoto wa miaka kumi akafa. Mwaka 2017 ndipo wabunge wa Kansas walipoibadili sheria na kudai ukaguzi wa kila mwaka ufanywe na watu wenye ujuzi. Wahenga walikwisha sema: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Njia ya pili ina afadhali, lakini ina kasoro yake. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iliamuru lifti ichunguzwe kila miezi sita na mtu aliyeidhinishwa na Mkurugenzi. Amri hiyo ni njema. Lakini fundi anayelipwa na yule anayemkagua hujua kwamba akisema "funga lifti hii", mwakani ataitwa mwingine. Hatusemi kila fundi ni mwoga. Twasema tusimweke mtu mahali ambapo ukweli utamnyima chakula.

Yabaki njia ya tatu, nayo haitoshi ikiwa ni jina tupu. Tarehe 26 Julai 2017, siku ya kwanza ya maonyesho ya jimbo la Ohio, bembea kubwa ya mashine ilivunjika mjini Columbus. Kijana wa miaka 18 alikufa na watu saba wakaumia. Bembea ile ilikuwa imekaguliwa na wakaguzi wa jimbo, ikapita. Watengenezaji walieleza baadaye kwamba kutu ilikuwa imekula chuma kwa ndani, mahali jicho halifiki. Mkaguzi asiye na vyombo vya kupima unene wa chuma, na asiye na muda wa kutosha, hutia sahihi rangi ya nje tu.

Kwetu Tanzania, wakala wa serikali wa usalama mahali pa kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2003 ikachukua nafasi ya ile Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Sheria hizi zilitungwa kwanza kumlinda mfanyakazi, na ni haki yake. Lakini mtoto aliyefungwa mkanda katika bembea si mfanyakazi. Naye apate mlinzi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mshahara wa mkaguzi utoke Hazina, kwa sababu ofisi inayoishi kwa ada peke yake itajifunza kufukuzia ada na kuusahau ukaguzi. Pili, mwenye lifti na mwenye bembea walipe ada iliyoandikwa katika sheria, iingie mfuko wa ukaguzi, inunue vipimo na nauli, wala isihamishwe kununulia viti vya ofisi. Tatu, tarehe ya ukaguzi wa mwisho ibandikwe mlangoni kwa Kiswahili, kila mtu aisome kabla ya kupanda.

Wako watakaosema ada itapandisha kodi ya nyumba na bei ya tiketi. Itapanda kidogo, hatukatai. Lakini ada hugawanywa kwa maelfu ya watu wapandao mwaka mzima. Gharama ya ajali huangukia nyumba moja, mara nyingi nyumba isiyo na akiba.

Ndugu zetu, bajeti zitakapojadiliwa, ulizeni wajumbe wenu: wakaguzi ni wangapi, wana vipimo gani, na mara ya mwisho walifika lini katika wilaya yetu? Msikubali jibu la "tutaangalia". Dai tarehe, dai hesabu. Serikali ni yetu, na watoto wanaopanda ni wetu.