Idadi ya Ng'ombe na Kauli ya Mfugaji



Husemwa kwamba ng'ombe na ardhi ni mahasimu. Sisi hatukubali. Tazameni Wambiana, ranchi iliyo mbali na miji huko Queensland, Australia, ambako utafiti wa malisho ulianza mwaka 1997. Mahali pengine kila ng'ombe alitengewa takriban hekta 8. Pengine nusu ya hizo. Miaka ya mvua, penye ng'ombe wengi palileta fedha zaidi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ukame ulipoingia, nyasi bora zilipungua, mifugo ikalazimika kununuliwa chakula, faida ikamezwa. Penye ng'ombe wa kadiri pakaendelea kulipa.

Lililotugusa zaidi ni kwamba wafugaji wenyewe waliketi katika kamati ya kuushauri utafiti huo. Huku kwetu, mwaka 1938, serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa jina la kuokoa udongo. Maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaandamana hadi Nairobi. Udongo wa Ukambani ulikuwa ukimomonyoka kweli, hilo tusilifiche. Lakini nani aliulizwa?