Nati Haiongezi Breki: Maneno kwa Waendeshaji Bodaboda



Barabara ya kutoka Wundanyi kushuka Mwatate haina huruma kwa breki mbovu. Ni mteremko na kona, na pikipiki huwa imebeba abiria au magunia ya mboga. Hata hivyo, breki ya nyuma ndiyo hukaguliwa mwisho, kwa sababu ubovu wake hujificha.

Hujifichaje? Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki ya dramu nyuma. Ndani ya habu mna shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga. Pedeli ikikanyagwa, fito huvuta mkono mdogo ulio kwenye gurudumu, na kamu iliyo ndani huzipanua shuu zikasugua dramu. Shuu zikilika, pedeli hushuka zaidi. Mwendeshaji hukaza nati ya fito, breki hushika tena, naye huona mambo yako sawa. Lakini nati haiongezi shuu. Shuu zikiisha kabisa, kamu yaweza kugeuka kupita kiasi ikakataa kurudi, gurudumu likajifunga pikipiki ikiwa mwendoni.

Kwa hiyo, kabla ya kukaza, ni kutazama. Pikipiki nyingi zina mshale kwenye mkono wa breki na alama kwenye sahani inayofunika habu. Mshale ukifikia alama pedeli ikiwa imekanyagwa, shuu zimekwisha. Nati ikikaribia mwisho wa fito, ujumbe ni huohuo.

Kazi ya kufungua yaweza kufanyiwa nyumbani. Mahitaji ni spana zinazofaa, koleo, msasa, kitambaa na grisi kidogo. Pikipiki isimame kwa stendi kubwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa na habu imepoa. Kwanza hufunguliwa nati ya fito, pili ule mkono wa chuma unaoizuia sahani ya breki isizunguke, tatu nati ya ekseli. Cheni hulegezwa au kutolewa kulingana na aina ya pikipiki, kisha ekseli huvutwa na gurudumu hutoka. Bushi za pembeni ziwekwe kwa mpangilio zilivyotoka.

Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Shuu nyingine zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kisha shuu zipimwe. Ikiwa utando wa kusugua umebaki milimita 2 au chini ya hapo, shuu zote mbili zibadilishwe kwa pamoja. Zilizolowa mafuta au grisi pia hazifai tena. Kuziosha kwa petroli hakuziponyi, na petroli yaweza kulipuka moto. Zilizo nene bado lakini zinang'aa husuguliwa kidogo kwa msasa. Springi zilizolegea au kupata kutu zibadilishwe. Dramu nayo itazamwe: ikiwa na mitaro mirefu, nyufa, au imepita kipimo cha mwisho kilichochapwa ndani yake, shuu mpya hazitasaidia.

Kamu hupakwa grisi chembe tu pale inapozungukia. Grisi isiguse utando wa shuu wala uso wa dramu.

Wakati wa kurudisha, sehemu ya kuangaliwa mara mbili ni ule mkono wa kuizuia sahani. Ukisahauliwa, au boliti yake ikichomoka, sahani yote huzunguka na gurudumu, fito hupinda, na gurudumu laweza kujifunga ghafla. Nati yake ikazwe na pini yake irudishwe. Pini iliyokatika isirudiwe. Alama za kurekebishia cheni zilingane pande zote mbili ili gurudumu lisikae upande. Kabla ya kukaza ekseli, gurudumu lizungushwe na pedeli ikanyagwe na kushikiliwa, ili shuu zikae katikati ya dramu.

Mwisho ni nati ya fito. Katika pikipiki nyingi, pedeli ishuke sentimita 2 hadi 3 kabla ya breki kuanza kushika. Kitabu cha pikipiki kikitaja kipimo kingine, kifuatwe hicho. Pedeli ikiachwa, gurudumu lizunguke bila kukwama. Taa ya breki iwake. Kisha pikipiki ijaribiwe polepole mahali pasipo na watu, bila abiria. Shuu mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza, kwa hiyo siku hiyo si ya mizigo mizito.

Kwenye mteremko, gia ndogo isaidie breki. Dramu ikipata moto sana, hata shuu mpya hupoteza nguvu.

Asiye na uhakika na mkono wake aende kwa fundi, lakini asimame atazame pini ikirudishwa. Abiria naye, akisikia chuma kikikwaruza chuma nyuma yake, ana haki ya kushuka.