Jivu Libaki Jikoni: Udongo wa Maskati na Mbolea ya Nyumbani



Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Msimu wa kwanza hapa Maskati nilipanda mchicha na bamia uani, nikamwaga jivu juu ya tuta kama mama alivyonifundisha. Majani machanga yakawa manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Wapi!

Mama hakukosea. Kwetu kwenye mvua nyingi, maji huosha ardhi mpaka udongo ukawa mchachu, na jivu huutuliza. Maskati hupata kama milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, na ardhi yake ni kokoto na chokaa. Udongo huu tayari una tabia ya magadi. Ukiuongezea jivu, mmea hushindwa kunyonya madini ya chuma, ndiyo maana ya ile manjano. Kwa hiyo jivu libaki jikoni.

Dawa yake ni mboji. Chimba shimo la kina cha goti, kivulini. Kwetu tulirundika juu ya ardhi, lakini hapa jua hukausha rundo kabla halijaoza. Tia mafungu matatu ya vitu vikavu: majani, makuti ya mtende yaliyokatwakatwa, maboksi yaliyochanwa. Kisha fungu moja la vibichi: maganda ya ndizi na mboga, majani ya chai. Nyama, samaki na mafuta usitie, utaita panya. Nyunyiza maji, funika kwa gunia.

Kila wiki geuza, halafu chukua konzi moja uiminye. Likitoka tone moja au mawili, sawa. Lisipotoka, ongeza maji. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Baada ya miezi miwili mitatu itakuwa nyeusi, yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa.

Samadi ya mbuzi ni nzuri, ila ina chumvi; ioze kwanza shimoni. Chumvi ndiyo adui wa pili hapa. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, acha kunyunyiza kidogo kidogo. Mwagia maji mengi kwa mara moja, yaiteremshe chumvi chini ya mizizi. Kisha tandaza majani makavu, unene wa vidole vitatu, ili unyevu usipotee.

Mliopanga nyumba, muulizeni mwenyewe kabla ya kuchimba. Wa ghorofani, ndoo yenye kifuniko inatosha, ilimradi itobolewe chini na ubavuni.

Anzeni shimo wakati wa joto, mbolea iwe tayari Oktoba, hewa ikianza kupoa. Hapo ndipo pa kupanda. Mimi mwaka wa pili nilichuma mchicha wa kujaza chungu, na jirani nikampelekea.

Sasa maswali.