MAELEZO YA KATIBU WA TAWI KUHUSU WANAOWINDA USIKU KWA KURUNZI KARIBU NA MAKAZI YETU

Haya ni maelezo tuliyoyatoa kwenye mkutano wa tawi. Tunayatuma kwa maandishi kwa sababu wengi hawakuweza kufika, na wengine wameyasikia nusunusu njiani. Tunaomba kila balozi awasomee wanachama wa shina lake wasio na simu.

*1. Jambo lenyewe*

Tangu mvua zilipokatika, wenzetu wanaoishi pembezoni, kule mashambani, kwenye mabonde na upande wa Mbizi, wameleta malalamiko yanayofanana. Usiku wa manane zinapita pikipiki mbili au tatu. Watu wamefunga tochi kali kichwani, wana mbwa, na mmoja wao ana gobore. Wanamulika nyuma ya nyumba, kwenye mahindi yaliyokauka na kando ya vijito, wakitafuta pongo, nsya na tohe. Mlio unasikika, watoto wanaamka wakilia. Asubuhi baba mwenye nyumba anakuta alama za matairi katikati ya shamba lake na damu kwenye majani.

Mkutanoni yalitoka mawazo mawili. Kundi moja lilisema tuwavizie kwa mapanga na kutega waya njiani. Kundi la pili likasema tunyamaze, hao ni vijana wetu, wengine wana kadi za Chama, na nyama hiyo inaliwa humuhumu kijijini. Halmashauri Kuu ya Tawi imeyakataa yote mawili, na sababu zake ni hizi.

*2. Kwa nini tusinyamaze*

Mwindaji wa kurunzi hamuoni mnyama mzima. Anaona macho yanayong'aa, naye anapiga pale. Macho ya pongo yanang'aa kwa sababu nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga. Utando huo anao pia ng'ombe, mbuzi na mbwa wako. Binadamu hana. Kwa hiyo ndama aliyetoka zizini huonekana kama windo, na mtu aliyechuchumaa kwenye mahindi haonekani kabisa. Gobore lenyewe mara nyingi hushindiliwa vipande vya nondo ambavyo havina mwelekeo wa uhakika. Mzee anayelala shambani kulinda mazao yake yuko hatarini, na mama aliyetoka kwenda chooni yuko hatarini.

Jambo jingine ni moto. Wapo wanaochoma nyasi ili wanyama watoke. Sisi watu wa Ufipa tunajua thamani ya nyasi: ndizo tunazofukia kwenye ntumba zioze ziwe mbolea, na ndizo malisho ya kiangazi. Moto ukipanda Mbizi unaingia kwenye msitu wa hifadhi unaotunza vyanzo vya maji vya Sumbawanga, msitu ambao mbega wekundu bado wamo.

Jambo la tatu ni sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda wakati wa giza na kuwinda kwa kutumia taa. Hata mwenye leseni ya kuwinda haruhusiwi kufanya hivyo. Gobore lisilo na kibali ni kosa jingine, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

*3. Mguu wa nyama mlangoni*

Hapa tunaomba msome polepole. Tumeambiwa kwamba wawindaji wakipita kwenye shamba la mtu, asubuhi wanamwachia mguu wa nyama kama ahsante. Mama anapokea, anaweka jikoni.

Nyama hiyo kisheria ni nyara ya Serikali. Kukutwa nayo bila kibali ni kosa linalojitegemea, hata kama hukushika tochi wala bunduki, na mashtaka yake hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Zipo hukumu za miaka 20 jela kwa watu waliokutwa na nyara za Serikali. Polisi wakiingia, aliyeua atakuwa ameshafika mbali. Atakayekutwa ni mwenye sufuria.

Tuipige hesabu kama tunavyofunga daftari la tawi. Chukua nsya wa kilo 16. Ukitoa ngozi, mifupa na matumbo, inabaki nyama kama kilo 8. Wawindaji wakiwa wanne, kila mmoja anapata kilo 2. Upande wa pili wa daftari andika miaka 20. Hiyo ni miaka 10 kwa kila kilo ya nyama. Hatujaweka bado pikipiki, ambayo mahakama inaweza kuitaifisha, wala ada za watoto ambao baba yao hayupo. Hakuna biashara yenye hasara ya namna hii.

Anayetaka nyamapori ipo njia halali. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Nunua huko, dai stakabadhi, na itunze.

*4. Kwa nini tusiwavizie*

Waya uliotegwa njiani hauchagui shingo. Usiku huohuo anaweza kupita mwenye bodaboda anayempeleka mjamzito zahanati. Tukikusanyika na mapanga tukamuua mtu, kesi haitaitwa uwindaji tena. Itakuwa mauaji, na watakaosimama kizimbani ni sisi tuliokuwa tumekosewa. Isitoshe, mwenye bunduki gizani akisikia vishindo vya watu atafyatua.

*5. Mwenye nyumba afanye nini*

a) Ukiona mwanga au kusikia mlio karibu na nyumba, usitoke nje. Waingize watoto chumba chenye ukuta imara. Kama una taa ya nje, iwashe wajue hapa ni makazi.

b) Piga simu kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Kama kuna risasi au tishio, piga polisi 112.

c) Andika saa, upande walikotoka na walikoelekea, idadi ya pikipiki na idadi ya milio. Karatasi yenye saa na tarehe ina uzito kuliko maneno ya kijiweni.

d) Asubuhi ukikuta damu, ganda la risasi au mzoga, usiguse na usigawane. Mwite mtendaji, naye atamwita afisa wanyamapori au askari wa TAWA. Likiwa jambo la ndani ya msitu wa hifadhi, TFS nao wajulishwe.

e) Ukiletewa nyama, ikatae mbele ya shahidi. Ukiikuta mlangoni, toa taarifa kabla hujaiingiza ndani.

f) Funga zizi vizuri. Anayelala shambani aweke moto au taa karibu naye ili aonekane kuwa ni mtu.

g) Msiandike majina ya mnaowashuku humu kundini. Jina likitajwa kimakosa tumemchafua mtu, na likitajwa kwa usahihi tumemwonya akimbie. Majina yapelekwe kwa mtendaji au polisi.

*6. Kuhusu nguruwe pori na nyani*

Baadhi ya wenzetu wamesema wawindaji wanatusaidia kuondoa waharibifu wa mazao. Uharibifu upo na maumivu yake tunayajua. Lakini anayemtafuta pongo bondeni saa nane za usiku hajaja kulinda mahindi yako. Mnyama akihatarisha maisha yako au mali yako, sheria inakuruhusu kujilinda, hata kwa kumuua, mradi utoe taarifa mara moja. Nyama yake inabaki kuwa ya Serikali. Hasara inayotokana na wanyama waliotajwa kwenye kanuni ina utaratibu wa kifuta jasho, na utaratibu huo unaanzia ofisi ya kijiji. Usipotoa taarifa mapema, unapoteza nafasi.

*7. Msimamo wa Tawi*

Chama hakikamati mtu wala hakihukumu; hiyo ni kazi ya vyombo vya dola. Yaliyo ndani ya uwezo wetu tumeyaamua hivi:

Kwanza, kadi ya Chama si kibali cha kuwinda. Mwanachama akikamatwa, ofisi ya tawi haitakwenda kituoni kumwombea aachiwe. Tutahakikisha tu familia yake inajua alipo, na kwamba anatendewa kwa mujibu wa sheria kama raia mwingine yeyote.

Pili, tunamwomba mwenyekiti wa kijiji aweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Tunapendekeza ziguse pikipiki zinazoingia mashambani usiku bila sababu, na uchomaji wa nyasi. Tunapendekeza pia doria ya mgambo ipangwe pamoja na polisi, si peke yake.

Tatu, wenye gobore la urithi lisilo na kibali, tunawasihi waende kwa mtendaji kuuliza utaratibu wa kulisalimisha. Kulipeleka mwenyewe ni heri kuliko kukutwa nalo.

Nne, vijana. Hatuwezi kuwaambia acheni halafu tukafunga mlango. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chochote cha vijana wa tawi hili kinachotaka kufuga nyuki, kuku au mbuzi kije ofisini siku ya Jumamosi. Kuandika mradi na kupanga hesabu zake ni kazi tunayoiweza, na tutaifanya bila malipo. Aliyekuwa akiwinda jana naye aje. Hatutamuuliza alikuwa wapi usiku.

Ndugu wanachama, wanaomulika usiku ni wachache, na wengi wao tunasali nao na kulima nao. Wanapita kwa sababu hakuna anayepiga simu, na kwa sababu kuna sufuria zinazowasubiri. Tukiacha kupokea nyama, soko lao limekwisha. Tukianza kupiga simu, njia yao imekwisha. Na mzee wa shambani atalala usiku wake salama.

Kidumu Chama!

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Halmashauri Kuu ya Tawi.