Homa ya Bonde la Ufa: Onyo Likitolewa, Nani Anaamka?

(Mazungumzo kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya wafugaji na wahudumu wa afya wa jamii)



Tumeombwa tuzungumze juu ya serikali kujitayarisha kwa magonjwa ya mlipuko. Wengi wakisikia hivyo hufikiria mambo ya Nairobi: maabara, ndege na mawaziri. Sisi tutaanzia kwenye boma la mbuzi.

Homa ya Bonde la Ufa si ngeni kwetu. Wataalamu waliitambua karibu na Naivasha miaka ya 1930 na 1931. Mvua ikifurika, mbu huzaana kwa wingi na kuambukiza ng'ombe, kondoo, mbuzi na ngamia. Mifugo wenye mimba huzitupa, na wadogo hufa. Binadamu naye huupata kwa kushika damu, nyama mbichi au mimba iliyotupwa, ama kwa kuumwa na mbu. Wengi hupona, lakini wengine hutokwa na damu wakafa, na wengine hupoteza macho.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilileta balaa hilo Garissa na kusini mwa Somalia. Mwisho wa 2006 likarudi. Safari hii onyo lilikuwepo. Wanasayansi wa Marekani, wakitazama bahari, mvua na majani kwa setilaiti, walitoa tahadhari kabla mgonjwa wa kwanza hajajulikana. Hata hivyo, kufikia Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 hapa Kenya, na 155 kati yao walikufa.

Sasa tuulizane: onyo lilikwama wapi?

Uchunguzi uliofanywa baadaye unatusaidia kujibu. Wafugaji Wasomali wa Kaskazini Mashariki walikuwa na jina lao la ugonjwa huu, sandik, yaani pua inayotoka damu. Waliona mvua, wakaona mbu kupita kawaida, wakaona mifugo wanatupa mimba. Tangu mnyama wa kwanza kushukiwa mpaka mtu wa kwanza kuugua, zilipita siku kama 18 kwa wastani. Tangu mnyama huyo mpaka wahudumu wa mifugo kufika, ilipita karibu miezi miwili. Mfugaji alijua. Aliyepaswa kumsikiliza ndiye hakuwa karibu.

Kuna jambo la pili. Ugonjwa ulipothibitishwa, uchinjaji na biashara ya mifugo vilisimamishwa. Ilibidi iwe hivyo. Lakini soko likifungwa, watoto wa mfugaji watakula nini? Mtu akijua kwamba kusema ni kujifungia soko, atanyamaza, na ugonjwa utatembea kichinichini. Kwa hivyo chakula cha wale watakaofungiwa ni sehemu ya matayarisho, sawa na dawa.

Hatusemi hakuna lililofanywa. Wizara ya afya na ya mifugo zilianzisha kitengo cha pamoja cha magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Chanjo ya mifugo pia ipo. Lakini wakati wake ni kabla ya mvua, maana ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikidunga wanyama wengi inaweza kuueneza. Mwaka 2018 homa hii ilirudi, Wajir na kwingineko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tangu 2013, huduma nyingi za afya na mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Basi kwenye mikutano ya maoni ya bajeti, tusiulize barabara peke yake. Tuulize hivi: Pesa za chanjo zimetengwa kabla ya mvua? Afisa wa mifugo ana pikipiki na mafuta? Damu ya mnyama mgonjwa itapelekwa maabara gani, na jibu litarudi lini? Soko likifungwa, nani atasaidiwa na kwa njia gani?

Na nyumbani, tusichinje mnyama mgonjwa, tusishike mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, na maziwa tuyachemshe.

Kila kikundi kiondoke hapa na kazi moja: kabla ya mvua zijazo, mjue jina na nambari ya simu ya afisa wenu wa mifugo, naye awajue ninyi.