Maji ya Kargi na Karatasi ya Mazishi



Leo naomba tuyaweke kando kidogo mambo ya vitambulisho na vituo vya polisi, twende Kargi. Nani hapa amefika Kargi? Sioni mkono. Sawa. Kargi iko Marsabit, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kwa Warendille wafugaji wa ngamia. Ukizidi kwenda unafika Maikona na Kalacha, kwa Wagabra.

Miaka ya themanini kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba huko ikitafuta mafuta. Haikupata cha kuuza, ikaondoka. Wakati huo hatukuwa na sheria ya mazingira kama ya leo. Hii tuliyo nayo ni ya 1999. Na mjue, kuchimba kisima cha mafuta si kama kuchimba kisima cha maji. Wanashusha tope maalum lenye kemikali, nalo hurudi juu na mawe, chumvi na madini ya chini kabisa. Hizo ndizo taka zenyewe. Swali ni moja tu: ziliwekwa wapi?

Mwaka 2000 maelfu ya mifugo walikufa Kargi baada ya kunywa maji ya kisima. Mwaka 2003 watafiti wawili, Shivoga na Coppock, waliandika kuhusu maji hayo: naitreti zilikuwa juu mno. Na watu je? Wenyeji wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba wanazika watu wa saratani, hasa ya koo na ya tumbo, kuliko walivyozoea. Wakazi wamefika mahakama ya mazingira na ardhi wakiishtaki BP, ambayo iliichukua Amoco mwaka 1998. Wanadai taka zile ziliingia kwenye maji. Hayo ni madai, na mahakama ndiyo itakayoamua.

Sasa hapa twende polepole, manake naona wengine mmeshatoa simu mpost.

Naitreti zinaweza kutoka kwenye taka za kuchimba, lakini pia zinaweza kutoka kwenye samadi iliyorundikana miaka na miaka pale mifugo wanaponyweshwa, au kwenye ardhi yenyewe. Aseniki vilevile: inaleta saratani, hilo limethibitishwa, ila kuna sehemu za dunia iko majini bila mtu kuchimba chochote. Na saratani ya umio, huu mrija wa chakula, iko nyingi sana Bomet, ambako watu hawana jangwa wala kisima cha mafuta. Hata chai ya moto kupindukia imetajwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani. Kwa hivyo nikisema hapa kwamba kampuni fulani iliua watu, nitakuwa nimesema nisichokijua, na sisi tumefundishwa kuhakikisha habari kabla ya kuitangaza.

Lakini mkubwa naye akisimama aseme "hakuna ushahidi", nina haki ya kumuuliza: uliutafuta lini?

Ushahidi wa jambo kama hili ni hesabu. Nani alikufa, wa umri gani, saratani gani, alikunywa kisima kipi, kwa miaka mingapi. Saratani inaweza kuchukua miaka ishirini kujitokeza, kwa hivyo hesabu ya mwaka mmoja haitoshi. Kutoka Marsabit mjini mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 500. Mzee akianza kushindwa kumeza, familia inauza ngamia kwanza. Wengine hawafiki. Anafia nyumbani, hajapimwa, anazikwa. Kwenye vitabu vya serikali mtu huyo hakuwa na saratani. Wakati mwingine kwenye vitabu hata hajafa.

Na hapa tujiambie ukweli sisi Waislamu. Tunazika siku hiyo hiyo, na ni jambo jema. Ila kibali cha mazishi kwa naibu wa chifu tunasema tutafuata baadaye, na baadaye haifiki. Cheti cha kifo tunakitafuta siku ya kugombania shamba! Garissa ni hivyo, Lamu ni hivyo. Visima vya kutafuta mafuta vilichimbwa Dodori na Pate kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Kesho mtu akiuliza waliofia vijiji vile walikufa na nini, tutamwonyesha karatasi gani?

Sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa mazingira safi, cha 43 maji safi na salama. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuyatetea mazingira, na hakikutaki uthibitishe kwamba kuna mtu ameshaumia. Alafu kuna sheria ya kupata habari ya 2016, hii ndiyo naipenda. Unaandika barua, hata kwa Kiswahili, kwa ofisi ya serikali. Wana siku 21 kukujibu. Ikiwa habari inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Wakikunyima, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mimi nimeanza kuandika barua kuomba matokeo ya vipimo vyote vya maji ya visima vya Kargi, Maikona na Kalacha, pamoja na tarehe za vipimo. Haijaisha. Nahitaji wawili wa kuimalizia nami baada ya Asr, na mmoja anayejua Kirendille, kwa sababu kabla ya kuituma lazima wenyewe wasomewe na waseme kama wanaitaka.