Aliyebaki Ndiye Aliyejenga: Barua za Fedha na Nyumba, Singida



Historia ya manamba, vibarua waliokwenda kufanya kazi mashambani, imeandikwa kwa kumfuata mwanamume aliyeondoka. Tunaijua SILABU, ofisi iliyoundwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944 ili kukusanya vibarua. Tunakijua kipande, kadi ya kazi ya siku 30. Tunajua kwamba Wanyaturu na Wanyiramba wa hapa Singida walikuwa miongoni mwa waliokwenda kukata mkonge. Jioni hii naomba tumfuate aliyebaki, kwa sababu yeye ndiye aliyejenga, na ushahidi umo ndani ya barua.

Tembe, nyumba yetu ya jadi, ilihitaji miti, fito, udongo na nguvu za majirani. Fedha taslimu haikuwa na kazi kubwa pale. Lakini bati, misumari na saruji havipatikani kwa nguvu za majirani. Hapo ndipo posta ilipoingia katika ujenzi.

Barua ya namna hii mnaifahamu. Kwanza salamu ndefu: mimi mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na macho yangu. Kisha mvua na mifugo. Ndipo yafike madhumuni: pokeeni hawala ya posta, nunueni bati, zihesabiwe mbele ya mjomba, kofia za paa na misumari vitafuata nikilipwa. Lakini mimi navutwa zaidi na majibu ya nyumbani. Mke anaeleza kwamba bati hazikutosha, mtoto aliugua na fedha ya saruji ikaishia kwenye dawa, fundi anadai, uwele haukuzaa, ikabidi mbuzi auzwe mnadani ili mafundi wale. Huo ni uhasibu kamili, wa mtu anayejua kuwa hesabu yake itasomwa kwa mashaka. Tumewasifu watuma fedha kwa miaka mingi. Aliyezigeuza fedha hizo kuwa kuta hatujamtendea haki.

Tena, mara nyingi barua haikuwa siri ya wawili. Asiyejua kusoma alimwita mtoto wa shule, naye akasoma kwa sauti, shemeji na wakwe wakisikia kiasi kilichotumwa. Kabla ya jua kuzama kila mmoja alikuwa na shida yake ya kuileta. Ndiyo maana naitazama kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970 kama tukio kubwa katika historia ya nyumba zetu: mwanamke aliyejifunza kusoma aliweza kuifungua barua peke yake, akapanga kabla hajaombwa.

Wenzetu waliitambua mapema thamani ya barua kama hizi. Wanasosholojia William Thomas na Florian Znaniecki walichapisha kati ya 1918 na 1920 utafiti mkubwa juu ya wakulima wa Poland waliohamia Marekani, wakiujenga kwa sehemu kubwa juu ya barua za familia. Humo pia salamu hutangulia kwa heshima, kisha huja fedha, mahari, shamba, na lawama za aliyekaa kimya. Barua za watu wa kawaida zilipata nafasi katika sayansi ya jamii kwa sababu kuna mtu aliyezitafuta na kuzinunua.

Barua zetu zinaoza masandukuni. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha kaya nyingi. Katika kuhama, bati hung'oka na kubebeka, karatasi hupotea njiani. Na siku hizi barua hizo zina mrithi asiyesema mengi: tangu M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ianze nchini mwaka 2008, ujumbe wa simu hutaja kiasi na jina la mtumaji, wala hausemi kwamba fedha ile ilikuwa ya mlango wa nyuma.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inahusu hasa nyaraka za umma. Sanduku la bibi yako halimo. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi, likizo hii, muulize nyumbani kwa adabu. Piga picha kila ukurasa na bahasha yake, kwa kuwa muhuri wa posta ndio unaotupa tarehe na mahali. Andika nani aliisomea familia. Kisha mrudishie mwenyewe barua zake, na yeye aamue zipi zisionekane na watu.